Maji Yaliyopitiliza Kituo

Msimu wa mvua ukikolea Kasulu na Kibondo, huja alasiri ambayo mabati hulia kwa sauti nyingine. Mvua ya kawaida huvuma, lakini hii hugonga. Watoto ndio wa kwanza kutoka na mabakuli. Watu wazima hubaki barazani wakihesabu hasara kwa macho: majani ya migomba yaliyochanwachanwa, tumbaku iliyotobolewa, maharage yaliyolala chini. Baada ya muda mfupi yale mawe yamekuwa maji ya kawaida yanayotiririka mtaroni, na aliyechelewa kutoka hana ushahidi. Aliyewahi kuokota jiwe kubwa na kulipasua kwa kisu anajua kwamba ndani lina pete, moja nyeupe kama maziwa na nyingine angavu kama kioo, zilizofuatana kama maganda ya kitunguu.

Nyanda hizi za juu za Kigoma zina ubaridi wake, hasa alfajiri za Juni na Julai, lakini si ubaridi wa kugandisha maji ya ndoo iliyoachwa uani. Katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha ambazo ni ndugu wa karibu wa Kiha cha huku, mvua ya mawe huitwa urubura, na theluji ilipohitaji jina ilipewa neno hilohilo. Kabla ya friji, barafu iliyofika miguuni pa watu wa huku ilikuwa ile iliyodondoka tu.

Imetoka wapi? Jibu la haraka ni kwamba juu kuna baridi, nalo ni kweli. Katika ukanda wetu wa tropiki, nyuzi 0 za Selsiasi zipo karibu na kilomita 5 juu ya usawa wa bahari, maana yake zaidi ya kilomita 3 juu ya paa la nyumba ya Kasulu. Kutoka hapo kwenda juu, baridi huzidi. Jibu hilo lakini linaacha nje jambo la ajabu zaidi. Wingu la radi likipanda kuvuka mpaka huo, mengi ya matone yake hayageuki barafu. Hufika nyuzi 10 chini ya sifuri, kisha 15, kisha 20, yakiwa bado maji. Ni kama abiria aliyesinzia akapitilizwa kituo: kituo chake kilikuwa sifuri, gari limepita, na yeye bado amekaa kwenye kiti.

Historia ya maji haya yaliyopitiliza huanzia mbali na mto wetu Malagarasi, mjini Amsterdam, kwa fundi wa vipimajoto aliyeitwa Daniel Gabriel Fahrenheit. Machi 1721 alichukua tufe la kioo, akatia humo maji ya mvua yaliyochemshwa, akatoa hewa, akaliziba, kisha akaliacha kwenye baridi usiku kucha. Kipimajoto chake kilionyesha baridi ya nyuzi zipatazo 9 chini ya sifuri kwa kipimo tunachotumia sisi. Asubuhi alitarajia barafu na akakuta maji. Alipovunja ncha ya kioo ili hewa iingie, maji yalijaa vipande vya barafu papo hapo. Safari nyingine alikuwa amelibeba tufe kama hilo akipanda ngazi, akajikwaa, na maji yakaganda mkononi mwake. Mwaka 1724 aliyaandika hayo katika jarida la Royal Society ya London. Kila mwanafunzi aliyefundishwa kwamba maji huganda kwenye nyuzi 0 angefaa kusimuliwa kisa cha mtu huyu kwenye ngazi. Barafu huyeyuka kwenye nyuzi 0 bila kukosea. Kuganda ndiko kwenye mambo.

Sababu iko kwenye mwanzo. Ili barafu iwepo, molekuli chache za maji lazima zijipange kwa utaratibu wa barafu, na katika maji ya baridi vikundi vya namna hiyo hutokea na kutoweka kila mara. Kikundi kidogo kina wengi pembezoni kuliko katikati, na walio pembezoni hawajashikwa vizuri. Maji yaliyowazunguka huwavuta, kikundi kinasambaratika. Kikifikia ukubwa fulani tu ndipo faida ya kujipanga inazidi gharama ya ule ukingo, na kutoka hapo hakuna wa kukizuia. Maji safi kabisa, katika matone madogo, yanaweza kusubiri mpaka karibu nyuzi 38 chini ya sifuri kabla bahati hiyo haijatokea yenyewe. Maji ya dunia hii yetu yenye uchafu hayasubiri kiasi hicho, kwa sababu hukuta chembe ya kuegemea: vumbi la udongo, masizi, bakteria, mkwaruzo kwenye kioo. Hiyo chembe ndiyo mbegu. Baridi peke yake ni shamba lililolimwa.

Miaka hamsini hivi baada ya Fahrenheit, Joseph Black wa Edinburgh alishughulikia maneno yaliyokuwa yakisemwa kwamba maji yaliyochemshwa huwahi kuganda. Mwaka 1775 aliandika kwamba aliweka nje vikombe viwili, kimoja cha maji yaliyochemshwa kisha yakapozwa, kingine cha maji ambayo hayakuona moto. Yale ya kwanza yaliota barafu. Yale ya pili yalibaki maji, na alipoyakoroga ndipo yakaganda. Hayakuwa na joto zaidi ya wenzao, yalikuwa yamepitiliza. Andiko hilo likakaa maktabani, na hakuna aliyelipeleka kwenye milima ya Usambara, kaskazini mashariki mwa Tanzania.

Huko Usambara ndiko kisa hiki kinakuwa chetu. Kabla sijafika, niseme kwamba masuala ya barafu katika Afrika Mashariki yana desturi ya kutosadikiwa. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro na kuandika kwamba ni theluji. London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika, alimrekebisha kwa miaka mingi: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wachaga waliokaa chini ya mlima hawakuulizwa.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, kwenye milima hiyo ya Usambara. Wavulana wa pale walikuwa wakijitengenezea askrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya friji. Nafasi ilikuwa finyu na wenye hamu walikuwa wengi. Siku moja mwenzake aliogopa kukosa nafasi, akachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha na kuyawahisha ndani. Mpemba alikuwa amekwisha kuchemsha ya kwake. Akisubiri yapoe, nafasi inakwenda. Akayaingiza ya moto, huku akijua anaweza kuharibu friji. Baada ya saa moja na nusu walifungua. Ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia na akajibiwa kwamba amejichanganya, jambo hilo halitokei. Alikubali, kama mwanafunzi anavyokubali. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza askrimu mjini Tanga alimwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Hapa ndipo ninapomwona Mpemba akiachana na wengi wetu. Alikuwa na mwalimu upande mmoja na muuza askrimu upande wa pili, na hakumdharau muuza askrimu.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, darasa lilifika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa. Aliuliza tena. Mwalimu wa huko, baada ya kubishana naye, alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Kauli hiyo iligeuka utani wa darasa: kila alipokosea hesabu, wenzake walimwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akatia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye friji la maabara. Barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye iliyokuwa ya moto.

Kisha akaja mgeni. Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi na kupokea maswali. Mpemba alisimama akauliza: ukichukua bika mbili zenye maji sawa kwa ujazo, moja ya nyuzi 35 na nyingine ya nyuzi 100, ukaziweka kwenye friji, ile ya nyuzi 100 inatangulia kuganda, ni kwa nini? Wenzake waliona aibu kwa niaba yake. Osborne alitaka kujua kama amelijaribu mwenyewe. Alikiri baadaye kwamba alidhani kijana amekosea, lakini alijizuia kumkejeli, akaahidi kulijaribu Dar es Salaam. Alimkabidhi fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza ya moto yameganda kwanza, na akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Sentensi hiyo ya fundi ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila maabara, ingawa sijui kama onyo au kama kichekesho.

Walirudia, na jibu halikugeuka. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Sehemu ya kwanza ni Mpemba akisimulia maziwa yake, na sehemu ya pili ni Osborne na vipimo: maji ya sentimita za ujazo 70 katika bika, juu ya ubao wa povu ndani ya friji. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko yote kabla ya kuanza kuganda. Yaliyoanza karibu nyuzi 90 yaliwahi mno. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maishani. Mwaka huohuo, bila wao kujuana, G. S. Kell wa Kanada alichapisha makala kuhusu jambo lilelile. Jina lililobaki ni la Mpemba, na ile kejeli ya darasani ikageuka istilahi: vitabu vya fizikia vya dunia nzima vina athari ya Mpemba.

Maelezo yake yamegombaniwa tangu hapo. Wapo waliosema ni mvuke, maana maji ya moto hupoteza sehemu yake kabla ya kuganda. Wengine wakataja mizunguko ndani ya chombo, au hewa iliyoyeyuka, au friji yenyewe, kwa kuwa chombo cha moto huyeyusha sakitu chini yake kikakaa vizuri zaidi kwenye baridi. Mwaka 1995 David Auerbach, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alirudisha mjadala pale Black alipouacha. Alipima na kuona kwamba maji yaliyoanza yakiwa baridi huelekea kupitiliza mbali zaidi kuliko yale yaliyoanza ya moto. Yaani maji ya moto hayalazimiki kushinda mbio za kufika sifuri. Huenda yanafika ya pili, ila yanashuka kituoni, na wenzao wamepita. Mwaka 2011 James Brownridge wa Marekani aliongeza kwamba kila sampuli ina baridi yake maalumu ya kuanzia kuganda, kulingana na mbegu iliyomo, na aliweza kupata ushindi wa maji ya moto mara 28 kati ya 28 kwa kuchagua sampuli zake.

Si wote walioridhika. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la maelezo bora, yakaja majibu yapatayo 22,000, na mshindi akawa Nikola Bregović wa Zagreb. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima muda wa kufika sifuri tu, wakasema hawaoni ushahidi kwamba maji ya moto hufika kwanza, na kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja kunatosha kukudanganya. Mimi naona hawajampinga yule kijana wa Magamba. Wao waliuliza nani anafika sifuri kwanza. Yeye aliuliza nani anaganda.

Wakati Mpemba anabishana na walimu wake, mashariki ya Ziwa Victoria watu walikuwa wakipigana na maji yaleyale kwa roketi. Vilima vya Kericho na Nandi nchini Kenya ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko zote duniani. Idadi inayotajwa ni siku takriban 132 kwa mwaka, mahali fulani katika eneo hilo. Wenye mashamba ya chai walichoka. Walijaribu roketi za kulipuka mawinguni, na kuanzia 1967 wakaajiri ndege. Ndege zilibeba iodidi ya fedha, kitu ambacho Bernard Vonnegut, wa maabara ya General Electric huko Schenectady, alikigundua Novemba 1946 kuwa mbegu nzuri ya barafu kwa sababu mpangilio wa atomi zake unafanana na wa barafu. Miezi michache kabla, mwenzake Vincent Schaefer alikuwa amedondosha kipande cha barafu kavu ndani ya friza iliyojaa ukungu uliopitiliza, na ukungu wote ukageuka chembe za barafu zinazometa. Hesabu ya Kericho ilikuwa hii: ukitia mbegu nyingi mapema, matone yatagawana katika barafu nyingi ndogondogo, na mawe makubwa hayatapata chakula. Kama ilifaulu kwa kiasi gani, mabishano ni marefu. 

Kericho ilitoa jibu ambalo halikutoka kwenye ndege. Russell Schnell alichunguza takataka za majani ya chai yanayooza chini ya mashina, na mwaka 1982 akachapisha na mwenzake kwamba humo mna mbegu za barafu zenye nguvu, zilizotokana na bakteria. Vumbi la udongo kwa kawaida huhitaji baridi kali kabla halijafanya kazi. Bakteria wa namna hii huanza kwenye nyuzi 2 tu chini ya sifuri, kwa protini iliyo juu ya ngozi yao inayopanga molekuli za maji safu kwa safu. Schnell alidhani wachumaji wanaopita kati ya mistari huyatibua majani hayo, upepo ukapandisha vumbi lake, na wingu likapokea mbegu kutoka kwenye nyayo za watu.

Nyanda za Kigoma hazina mashamba makubwa ya chai namna ile, ila mbegu hazikosekani. Aliyesafiri kati ya Kasulu na Kibondo wakati wa kiangazi kabla ya lami anajua lile vumbi jekundu lilivyokaa kwenye nyusi na masikio. Udongo wa namna hiyo ukinyanyuliwa na upepo hufika juu, na matone machache kati ya mengi mno huukuta. Hayo yakiganda, yanakuwa chenga za barafu zinazoanguka katikati ya umati wa maji yaliyopitiliza, na kila tone linaloguswa linaganda juu ya chenga palepale. Upepo unaopanda ndani ya wingu unazuia chenga isianguke, nayo inanenepa. Pete za kitunguu ni kumbukumbu ya safari hiyo. Tone linapoganda hutoa joto. Maji ya nyuzi 10 chini ya sifuri yakianza kuganda ghafla, ni sehemu moja tu kati ya nane inayogeuka barafu mara moja, na joto lililotoka linairudisha iliyobaki kwenye sifuri. Pale matone yalipokuwa machache na baridi kali, yaliganda haraka na kufungia hewa ndani: pete nyeupe. Pale yalipomiminika mengi, jiwe lilikaa limelowa, hewa ikapata muda wa kutoka, na pete ikawa angavu.

Yapo na mengine katika wingu hilo, ambayo watu wa Kasulu na Kibondo huyahofia kuliko mawe. Radi huitwa inkuba katika Kirundi na Kinyarwanda, na masimulizi ya kwamba hushuka kama jogoo husikika sehemu nyingi za Maziwa Makuu. Mvua ikianza, vioo hufunikwa na mwenye nguo nyekundu huambiwa aingie ndani. Kati ya 1998 na 2013 setilaiti iliyochunguza mvua za tropiki ilihesabu miali kutoka juu. Mahali pa kwanza Afrika palikuwa Kabare, magharibi ya Ziwa Kivu, kwa miali ipatayo 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka; duniani palizidiwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Kabare haiko mbali na Kigoma.

Ilipotafutwa sababu ya wingu kujaa umeme, watafiti walirudi kwenye maji yaleyale. Mwaka 1957 Stephen Reynolds na wenzake huko Marekani, na mwaka 1978 Tsutomu Takahashi wa Japani, waligonganisha maabarani chembe nyepesi za barafu na chenga nzito zinazokua. Kila mgongano ulihamisha chaji kidogo. Katika baridi kali, chembe nyepesi ziliondoka na chaji chanya, ambayo wingu halisi lingeipeperusha juu, na chenga zikabaki na chaji hasi zikielekea chini. Bila matone yaliyopitiliza kuwepo kati yao, chaji iliyohama ilikuwa hafifu. Wingu lililoganda lote halitishi sana, na la maji matupu halitishi. Linalowaingiza watu ndani ni lile lenye vyote viwili kwa pamoja, kilomita 6 au 7 juu, ambako maji yamekaa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri yakingoja kuguswa, wakati huku chini mtoto anapima kwa kiganja jiwe ambalo limekwisha kuanza kuvuja kati ya vidole vyake.